Maji Yanayotoka Nyumbani Yanaenda Wapi?
Historia ya choo, shimo na mfereji kati ya Kabambare na Kasongo



Katika mkutano wetu wa mwisho, kabla ya watu kutawanyika, mzee mmoja wa upande wa chini alisimama. Hakuwa mwanachama. Alikuja kama jirani, tukamkaribisha. Alisema maneno machache ambayo hayakuingia kwenye ripoti: «Mulirudi, tulifurahi. Lakini maji yenu nayo inarudi kwetu.» Wengine walicheka. Kisha kicheko kikaisha, sababu kila mtu pale alijua anasema nini.

Sisi tuliorudi tulipewa viwanja juu, kwenye mteremko, maana chini palikuwa tayari na wenyewe. Chemchem iko chini. Mvua ikinyesha, maji ya kuoga, maji ya kufulia, povu la sabuni na yanayotoka kwenye vyoo vilivyojaa, vyote vinashuka. Wale waliobaki hapa wakati wa vita, ambao hawakukimbia au walikimbia porini tu wakarudi, ndio wanaoteka pale chini. Basi ugomvi ambao wengi wanauita ugomvi wa ardhi, au wa kabila, ukiutazama karibu utaona nusu yake ni ugomvi wa maji machafu.

Mkutano ujao tutapaswa kuchagua. Feza ya msimu huu itengeneze chemchem ya pili, au ishughulikie maji machafu ya ile tuliyonayo? Kabla ya kuinua mikono, sisi tunaofanya kazi ya vijijini tumeona ni vizuri tueleze historia kidogo. Swali hili si jipya. Babu zetu walilijibu, Wabelgiji walilijibu, waganga wa Kasongo walilijibu, kambi zililijibu. Kila mmoja alijibu kwa namna yake, na kila jibu limeacha alama mpaka leo.

Njia ya msafara

Kabambare ni kijiji cha njia. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda mpaka Kabambare, halafu Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Ilibeba vitambaa, shanga na bunduki ikija, na pembe za ndovu na watumwa ikirudi. Tippu Tip alijiweka Kasongo katika miaka ya 1870, na mji ukawa mkubwa. Mji ule wa kwanza leo tunauita Tongoni, yaani mahali palipohamwa, na wanaakiolojia wamekwenda kuchimba pale katika miaka hii ya karibuni.

Watu wa pwani walikuja na Kiswahili, mchele, miembe na dini. Walikuja pia na desturi ya mahali pa kujisaidia na kutawadha. Kule pwani choo cha shimo ni kitu cha zamani sana. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi nchini Kenya, wachimbaji walikuta vyoo vya mawe vyenye shimo na mahali pa kujitakasa, vya karne ya 15 hivi. Neno lenyewe la msalani lilitembea na msafara. Tunalo sisi, wanalo watu wa Kivu, na hata Wanyarwanda wanasema umusarani. Neno halisafiri peke yake. Kwa kawaida linafuatana na kitu chenyewe.

Lakini msafara ulileta na jambo lingine. Mamia ya watu wanalala mahali pamoja, kando ya kijito kimoja, usiku mmoja au wiki nzima, kisha wanakuja wengine. Kijiji cha watu wachache kinaweza kwenda porini na pori likasafisha. Kituo cha msafara hakiwezi. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, na daktari James Christie, aliyefanya kazi pale, aliandika kitabu mwaka 1876 akaonyesha jinsi ugonjwa ule ulivyofuata njia za biashara, kituo kwa kituo. Livingstone alikuwa Kabambare tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871, miguu imeoza vidonda hawezi kutembea (yeye aliandika jina la kijiji Bambarre). Hapo ndipo watu waliotumwa kutoka pwani walipomkuta, pamoja na habari za vifo vingi vya Unguja.

Wakati ule wataalamu wenyewe walikuwa bado wanabishana. John Snow alikuwa ameonyesha London mwaka 1854 kwamba waliokufa kwa kipindupindu walikuwa wameteka kwenye pampu moja, lakini wengi waliendelea kusema ugonjwa unatoka kwenye hewa mbaya. Kwa hiyo tusiwacheke babu zetu waliosema umeletwa na uchawi wa wageni. Hawakuwa mbali na ukweli: uliletwa kweli na wageni, ila ulipitia majini.

Choo cha amri

Vita kati ya dola la Leopold na Waarabu vilimalizika haraka. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili mwaka huohuo, Kabambare Januari 1894. Baadaye ikaja serikali ya koloni na kazi za lazima. Tangu 1917 watu wa Maniema walilazimishwa kulima pamba. Ili mtawala aweze kuhesabu watu, kutoza kodi na kukagua mashamba, vijiji vilivyokuwa vimetawanyika vilisukumwa vikae kando ya barabara, nyumba kwa mstari.

Kwa maji machafu, hilo lilibadilisha kila kitu. Kijiji cha zamani kilihama ardhi ikichoka, na uchafu ukabaki nyuma. Kijiji cha barabarani hakihami. Watu walewale, udongo uleule, kijito kilekile, mwaka baada ya mwaka. Mtawala aliliona, na jibu lake lilikuwa amri: kila nyumba ichimbe choo. Mkaguzi akija, choo kisipokuwepo, mwenye nyumba analipa au anafungwa. Wazee bado wanasimulia walichosikia kwa wazazi wao: watu walichimba shimo, wakajenga kibanda kizuri, wakaweka mlango, na hawakuingia humo hata siku moja. Kilikuwa choo cha mkaguzi. Watu wakaendelea kwenda pori.

Tusiseme hakuna chema kilichofanyika. Mwaka 1947 Ubelgiji iliunda mfuko maalumu kwa ajili ya maisha ya watu wa vijijini, nao ulilipia zahanati, visima na chemchem zilizojengewa katika sehemu nyingi za Kongo. Lakini kazi ile ililetwa kwa watu bila wao kuwemo. Uhuru ulipofika 1960 na mkaguzi akaondoka, choo cha amri kiliondoka naye. Baadaye, wakati wa Mobutu, salongo ilikuja kwa njia ileile: watu wanatoka asubuhi kufyeka na kufagia kwa sababu wameamrishwa. Mpaka leo ukitaja salongo mbele ya mzee anageuza uso. Neno limechoka, ingawa kazi yenyewe ni nzuri.

Kasongo iliyofundisha ulimwengu

Vijana wengi wa kwetu hawajui kwamba jina la Kasongo linajulikana katika shule za afya za nchi nyingi. Mwaka 1971 waganga wa Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Antwerp walianza kazi pale pamoja na wenzetu. Wazo lao lilikuwa la kawaida kabisa: badala ya hospitali moja inayongoja wagonjwa mjini, kuwe na vituo vidogo vya afya karibu na watu, kila kituo na watu wake kinaowajua, na hospitali ikae nyuma yao kama msaada. Wakazi wawe na kamati, nao wawe na sauti. Haya yalifanyika kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ambapo dunia nzima ilikubali maneno kama hayo. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni za afya, na mfano wa Kasongo ulikuwa mmoja wa ile iliyotazamwa.

Kuna hadithi moja ya Kasongo ambayo inatuhusu hapa. Mwaka 1981 kikundi kile kilichapisha katika gazeti la waganga la London matokeo kuhusu chanjo ya surua. Waliuliza swali zito: mtoto tunayemwokoa na surua leo, je, hatachukuliwa kesho na ugonjwa mwingine? Walichoandika kilizua mabishano ya miaka mingi. Utafiti uliofuata katika nchi nyingine ulionyesha wazi kwamba chanjo ya surua inaokoa maisha kweli, kwa hiyo mtu asitumie hadithi hii kukataa chanjo. Ila swali lenyewe lilikuwa la mtu mwenye macho. Mtoto wa kijijini hana adui mmoja. Sindano inafunga mlango mmoja. Kuhara, minyoo na malaria vina milango yao, na mingi ya milango hiyo iko nyuma ya nyumba, pale maji yanapomwagwa.

Kipande hiki cha historia kinatufundisha pia jambo la pili. Kituo cha afya cha Kasongo kilipata nguvu kwa sababu kilikuwa na watu wake. Yalipokuja matatizo ya Zaire ya mwisho, mishahara ikakatika na barabara zikafa, mengi yalianguka. Lakini desturi ya kamati na ya kituo kinachojua familia zake haikufutika kabisa. Wareko tunaofanya nao kazi leo, wanaopita nyumba kwa nyumba, ni wajukuu wa desturi ile.

Vita, na shule ya kambi

Vita vya 1996 na 1998 tunavijua, hatuna haja ya kuvisimulia kirefu. Na hata baada ya amani kuandikwa, Kabambare iliendelea kuona vikundi vya silaha, hasa upande wa Salamabila. Wengine walikimbilia Kasongo na Kindu, wengine Kalemie, wengine walivuka ziwa mpaka Tanzania.

Waliofika Kigoma walikuta kambi. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Lugufu nayo ilipokea wengi mpaka ilipofungwa 2009. Wengi wetu tulilelewa huko. Kambi ni mahali pagumu na hatutaki kuipamba. Lakini kwa jambo la maji machafu, kambi ilikuwa shule. Kanuni zilizofuatwa huko zinajulikana: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kisizidi watu 20, shimo la choo liwe mita 30 au zaidi kutoka penye maji. Chini ya kila bomba kulikuwa na sakafu ya simenti, mfereji, na shimo la mawe la kunyonya maji. Mtoto aliyekulia pale aliona tangu mwanzo kwamba bomba lina pande mbili, pale maji yanapotoka na pale yanapokwenda.

Na wenyeji wa Kigoma nao walikuwa na historia yao. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima karibu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba. Hapakuwa na mkaguzi mwenye fimbo. Kulikuwa na redio, kijitabu na jirani. Mashimo mengi ya choo yalichimbwa mwaka ule, na yakatumiwa.

Tuliporudi, tulirudi na elimu hiyo, lakini tuliiacha njiani bila kujua. Kambini, shimo likijaa shirika linakuja. Nyumbani hakuna shirika. Na udongo ni mwingine, mteremko ni mwingine, mvua ni nyingine. Wengi tulichimba haraka, karibu na nyumba, shimo fupi, miti badala ya dale, tukisema tutatengeneza vizuri baadaye. Baadaye haijafika.

Miaka ya bendera na vibao

Tangu 2008 serikali ya Kongo, pamoja na UNICEF, imekuwa na mpango wa kitaifa wa vijiji na shule safi, ule tunaouita kwa kifupi Vilaje Asani. Uliingia Maniema pia. Kijiji kinaomba chenyewe, kinachagua kamati, kinachora ramani yake, kinafanya kazi, na mwisho kinakaguliwa kwa kanuni 7. Kuwe na kamati inayofanya kazi. Angalau asilimia 80 ya watu wapate maji safi. Asilimia 80 ya nyumba zitumie choo kizuri. Asilimia 80 zitupe taka mahali panapofaa. Asilimia 60 ya watu wanawe mikono kabla ya kula na baada ya choo. Asilimia 70 waelewe jinsi magonjwa yanavyotoka kwenye kinyesi na kuingia kinywani. Na kijiji kisafishwe angalau mara moja kwa mwezi. Kikifaulu kinapewa cheti na kibao barabarani.

Ni mpango mzuri, na tumeona vijiji vilivyobadilika. Tazama lakini zile kanuni 7 mara ya pili. Maji safi yamo, choo kimo, taka zimo. Maji yanayomwagika chini ya chemchem, maji ya kuoga na kufulia, hayana kanuni yake ya peke yake. Na kibao kikishawekwa, nani anarudi kuhesabu?

Wakati huohuo ulikuwepo mpango wa Tuungane, uliolipiwa na Uingereza tangu 2007, katika Kivu Kusini, Katanga na Maniema yetu. Kijiji kilichagua kamati kwa kura, kikapewa feza, kikaamua chenyewe. Wengi walichagua shule. Watafiti wakiongozwa na Macartan Humphreys wa chuo kikuu cha Columbia walipima matokeo na kuyachapisha 2012. Waliona kwamba kazi zilijengwa na watu walipenda mpango. Lakini desturi za kuongozana, za kudai hesabu na za kuaminiana hazikubadilika kwa namna wanayoweza kuipima. Wafadhili wengine walisikitika. Sisi tunaofanya kazi vijijini hatukushangaa sana. Feza ya mwaka mmoja au miwili haiwezi kuvunja desturi ambayo fimbo ya miaka 50 haikuivunja.

Kosa letu wenyewe

Sasa tuje kwetu. Chemchem ya chini tuliitengeneza sisi, kwa feza ya chama na msaada wenu. Tulichimba mpaka jicho la maji, tukajenga ukuta, tukaweka mawe na mchanga nyuma yake, tukafunika udongo, tukatoa mabomba mawili. Siku ya kufungua kulikuwa na ngoma na hotuba. Picha mlizipata.

Picha haikuonyesha miguu ya akina mama. Walisimama kwenye tope. Tulijenga pale maji yanapotoka, tukasahau pale yanapokwenda. Maji yaliyozidi hayakuwa na mfereji; yalikaa mbele ya mabomba, yakafanya dimbwi. Mvua ya kwanza ikaleta yale ya mteremko yakajiunga nayo. Nguruwe na bata wakapata makao, mbu nao. Bidoni likiwekwa chini linachukua tope kwenye kitako, mama analiinua kichwani, tope linashuka hadi shingoni na kwenye mkono, na mkono huohuo unapika. Maji yalikuwa safi kwenye bomba na machafu yakifika nyumbani.

Wenzetu wa kituo cha afya walituambia polepole, kwa heshima, kwamba hawajaona kuhara kukipungua kama walivyotumaini. Hatuna hesabu ya kutosha kusema sababu ni dimbwi peke yake. Lakini tuliona kwa macho, na mzee wa mkutanoni aliona kabla yetu. Ndiyo maana hatukuweza kumjibu.

Udongo unafanya kazi, ukiachiwa nafasi

Mtu akisikia «kusafisha maji machafu» anawaza mashine na umeme. Mjini wanahitaji mambo makubwa: Nairobi inapeleka maji yake kwenye madimbwi makubwa ya Dandora, huko Ruai, ambapo jua, hewa na wadudu wadogo wasioonekana vinayasafisha kutoka dimbwi hadi dimbwi. Kijiji chetu hakihitaji hayo. Udongo unafanya kazi ileile, bure, kwa masharti machache.

Sharti la kwanza ni polepole. Maji yakipita taratibu kwenye udongo mkavu, vijidudu vinanaswa na kufa njiani. Yakipita haraka kwenye mchanga mkubwa au ufa wa jiwe, vinafika kisimani vikiwa hai. Kwa hiyo kitako cha shimo la choo kiwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya chini, hata wakati wa mvua nyingi. Karibu na Luama, ambako maji yanapanda, shimo linakuwa fupi na choo kinainuliwa juu ya tuta.

Sharti la pili ni mahali. Mita 30 kutoka kwenye chemchem, na kila mara chini yake, kamwe si juu. Hapa ndipo historia yetu inatubana: viwanja vyetu viko juu. Nyumba zilizo karibu zaidi na chemchem hazitoshi kuchimba vizuri; baadhi ya vyoo lazima vihamishwe, na kuhamisha kunahitaji makubaliano na jirani mwenye shamba.

Sharti la tatu ni muda. Mayai ya minyoo yanaweza kuishi kwenye shimo miezi mingi, hata miaka. Shimo lililojaa lifunikwe udongo na majivu, lipumzike miaka miwili, juu yake upandwe mgomba au mpapai. Wazee wanajua kwamba mgomba wa nyuma ya bafu ndio unaozaa vizuri. Walikuwa wanasafisha maji machafu bila kuliita jina hilo.

Kwa maji ya kuoga na kufulia, kazi ni ndogo zaidi: mfereji mfupi, kikapu cha majani makavu cha kushika mafuta na povu, na shimo la mita moja kwa mita moja, zaidi ya mita moja kwenda chini, lililojazwa mawe, makubwa chini na madogo juu. Kabla ya kuchimba, pima: chimba kishimo kidogo, kijaze maji, ngoja. Maji yakiisha haraka kupita kiasi au yakikaa siku nzima, tafuta mahali pengine. Majani ya kikapu yabadilishwe kila wiki. Hiyo «kila wiki» ndiyo yenye uzito kuliko simenti yote.

Tunachopendekeza

Sisi tunaofanya kazi hii tunapendekeza feza ya msimu huu isiende kwenye chemchem ya pili. Tunajua ni vigumu kusema hivyo kwa akina mama wanaosimama foleni alfajiri, na kwa wafadhili ambao picha ya bomba jipya inawagusa zaidi kuliko picha ya mfereji. Lakini bomba la pili bila mfereji ni dimbwi la pili.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, sakafu, mfereji na shimo la kunyonya kwenye chemchem iliyopo, kazi ifanywe kiangazi, kabla mvua hazijaanza tena. Pili, vyoo vya mteremko vilivyo karibu mno vihamishwe, chama kitoe dale na mwenye nyumba atoe jasho. Hakuna atakayepewa dale kabla shimo lake halijachimbwa na kupimwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, kamati ya chemchem isiwe ya chama chetu peke yake. Nusu ya wajumbe watoke upande wa chini, na mtunza sanduku awe wa kwao.

Wengine watasema: kwa nini tuwape sanduku la feza yetu? Jibu liko kwenye historia. Choo cha amri kilikufa na mkaguzi. Salongo ilichoka na aliyeiamuru. Kibao cha kijiji safi kinasimama hata kijiji kikichafuka. Kilichodumu ni kile kilichokuwa na watu wake, kama vituo vya Kasongo na vikundi vya redio vya Kigoma. Maji machafu yanatoka juu na kufika chini, kwa hiyo hayawezi kutunzwa na watu wa juu pekee. Sheria ya maji ya nchi yetu ya tarehe 31 Desemba 2015 nayo imeshusha kazi ya maji mpaka kwenye mikoa na serikali za chini, kwa hiyo tuzungumze pia na sultani na ofisi ya sekta ili makubaliano yetu yaandikwe na kutambuliwa.

Kwa wafadhili wetu tunaomba subira ya aina moja. Tupeni nafasi ya kuripoti mwaka wa pili na wa tatu, siyo siku ya ngoma tu. Tutawaletea picha ya kikapu cha majani makavu na mgomba uliozaa. Haitapendeza sana ukutani.

Yule mzee tulikwenda kumtembelea wiki iliyofuata. Tulikaa kwenye baraza yake, akatuletea maji ya kunywa kwenye kikombe. Tulijua yametoka wapi. Tulikunywa. Kisha tukamwomba aje tena mkutanoni, safari hii akae mbele, na aseme jina la mtu anayemwamini kushika sanduku.

Tuonane mkutanoni. Kila mwanachama aje na jirani mmoja wa upande wa chini.